Maswali ya Wasomaji: Mboga Iliyobadilishwa Jeni Huulizwa Nini Maabara?

Katika toleo lililopita tulijibu kwa kifupi swali kuhusu nyanya zinazokaa sokoni muda mrefu bila kuoza. Tangu hapo barua zimemiminika kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, mkemia akiletewa mboga ya GMO, yaani iliyobadilishwa jeni, anaweza kuichanganua na kusema kwa uhakika kwamba haina madhara? Nimechagua barua saba. Baadhi zinahitaji maelezo marefu, nyingine zinatosheka na aya moja, kwa hiyo sitazigawia nafasi sawa.

Nauza mboga katika soko la Wakulima hapa Nakuru. Wateja wamekataa nyanya ngumu zenye ngozi nene wakisema ni GMO, kwa kuwa hukaa hata majuma mawili bila kulainika. Nimeambiwa naweza kupeleka kilo moja maabara, nikapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba ni salama, nikaibandika kibandani. Niombe kipimo gani? (Mama mboga, Nakuru)

Mama, usiharakishe kutoa pesa. Nyanya hizo ni chotara, yaani mbegu zake zilipatikana kwa kuchavusha aina moja ya nyanya kwa nyingine, kazi ambayo wazalishaji wa mbegu wameifanya kwa miaka mingi wakitafuta tunda linaloweza kustahimili safari ya lori. Hakuna nyanya iliyobadilishwa jeni ambayo wakulima wa Kenya wameruhusiwa kuilima. Zao la namna hiyo ambalo limekwisha kuwafikia mashambani ni pamba ya Bt, iliyopewa jeni ya bakteria ili kuwazuia wadudu, na iliyoidhinishwa Desemba 2019. Ngozi ngumu haithibitishi lolote kuhusu jeni.

Hata hivyo swali lako limebeba maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kama nyanya ni GMO. Hilo hujibiwa kwa kutafuta kipande fulani cha DNA kwa kipimo cha PCR, na jibu huwa ni ndiyo au la. Kipimo hicho nacho kina mitego yake. Mimea mingi iliyobadilishwa jeni ilipewa kipande kidogo kilichotolewa katika virusi vya mozeiki ya koliflawa, na maabara nyingi huanza kwa kukitafuta hicho. Virusi hivyo hushambulia pia kabichi na jamaa zake shambani, bila mkono wa mwanasayansi yeyote, kwa hiyo kabichi ya kawaida iliyougua inaweza kuitikia kipimo kana kwamba ni GMO. Maabara makini hutafuta pia dalili za virusi vyenyewe kabla ya kuandika jibu.

Swali la pili ni kama nyanya ni salama, na hapa hakuna mashine inayomeza tunda upande mmoja na kutema neno “salama” upande wa pili. Uchanganuzi wa kemikali hupima vitu vinavyojulikana kwa majina, kimoja kimoja, kisha hulinganisha. Chukua mfano wa nyanya ya Flavr Savr, ambayo kampuni ya Calgene iliiuza Marekani mwaka 1994 baada ya kuzima jeni ya kimeng’enya kinacholainisha tunda linapoiva. Walioichunguza walipima tomatini, ambayo ni sumu asilia ya nyanya, wakapima vitamini A na C, kisha wakauliza kama viwango hivyo vimetoka nje ya vile vya nyanya ambazo watu wamekuwa wakila siku zote. Havikuwa vimetoka. Nyanya hiyo iliondoka sokoni baada ya miaka michache kwa sababu ya gharama za kuizalisha na kuisafirisha. Karatasi unayoitaka wewe, Mama, ingesema tu kwamba kilo ile moja, siku ile, ilikuwa na kiasi fulani cha vitu fulani, na sidhani mteja anayebishana na nyanya ngumu angetulizwa na hilo. Mwambie ni chotara, umkatie moja aonje.

Nafundisha kemia katika shule ya upili, Kaunti ya Kakamega. Wanafunzi wa kidato cha nne waliniuliza “usalama” hupimwaje kwa kemikali, nikawaeleza namna ya kupima protini, wakasema hilo si jibu. Naomba maelezo ya hatua kwa hatua. (Mwalimu, Kakamega)

Mwalimu, wanafunzi wako wana haki ya kulalamika, na nitajibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo penye uzito wote wa jambo hili.

Kazi huanza shambani, wala si maabara. Mmea uliobadilishwa jeni hupandwa kando ya mzazi wake, yaani aina ile ile ambayo haikuguswa, na kando ya aina nyingine kadhaa za kawaida ambazo watu hula. Zote hupewa udongo mmoja, mvua moja, mbolea moja na dawa zile zile. Bila mzazi huyo hakuna ulinganisho. Sukuma wiki iliyokuzwa Bahati na ile iliyokuzwa Ahero zitatofautiana kwa madini hata kama mbegu zilitoka pakiti moja, kwa kuwa udongo wa volkano wa Nakuru si udongo mzito wa mfinyanzi wa bonde la Nyando. Mtu akilinganisha mboga ya GMO ya Bahati na mboga ya kawaida ya Ahero, atakuwa amepima tofauti ya mashamba na kuiita tofauti ya jeni. Ndiyo sababu mwongozo wa Ulaya hudai majaribio yafanyike mahali pasipopungua 8, kila mahali yarudiwe angalau mara 4, na aina za kawaida za kulinganishia zisipungue 6.

Kisha huja uchumaji, na hapa wengi hujikwaa. Nyanya changa ya kijani inaweza kuwa na tomatini hadi miligramu 500 katika kilo, ilhali iliyoiva huwa na miligramu chache tu. Miaka kadhaa iliyopita, katika maabara ambayo sitaitaja, nilimwona mwanafunzi wa shahada akipata tofauti kubwa ya tomatini kati ya aina mbili za nyanya chotara. Alifurahi kwa wiki nzima, mpaka tulipogundua kwamba aina moja ilichumwa kabla haijaiva. Hapakuwa na jeni yoyote katika hadithi ile, ila haraka ya mchumaji.

Sampuli zikifika maabara, hatua za kwanza ni zile ulizowafundisha. Unyevu hupatikana kwa kukausha katika tanuri la nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena, majivu kwa kuchoma katika nyuzi 550, na mafuta kwa kuyafyonza katika chombo cha Soxhlet, kilichobuniwa mwaka 1879. Protini hupimwa kwa mbinu ya Kjeldahl ya mwaka 1883. Waulize wanafunzi wako kitu kimoja kuhusu Kjeldahl, uone nani amesikiliza: mbinu hiyo hupima nitrojeni, halafu sisi tunazidisha kwa 6.25 na kuiita protini. Mboga za majani, hasa zilizotiwa mbolea nyingi, huwa na nitrojeni ambayo si ya protini kamwe, kwa hiyo nambari inaweza kupanda bila protini kuongezeka. Wanga nao mara nyingi haupimwi. Hupatikana kwa kutoa kila kilichopimwa kutoka 100, na hivyo hubeba makosa ya vipimo vyote vilivyotangulia.

Kuna hesabu moja ndogo ninayoipenda kwa darasa. Nyanya ina maji kiasi cha asilimia 94, na mabaki makavu ni gramu 6 katika gramu 100. Tuseme kuna kitu ambacho ni sehemu ya kumi ya mabaki hayo, yaani gramu 0.6. Mvua ikinyesha kabla ya kuchuma na maji yakafika asilimia 95, mabaki yatakuwa gramu 5 na kitu kile gramu 0.5. Kimepungua kwa karibu asilimia 17 na hakuna kilichobadilika ila maji. Kwa sababu hiyo matokeo huandikwa kwa uzito mkavu, na ripoti isiyosema imetumia uzito upi haifai kusomwa.

Sasa tunafika walipokwama wanafunzi wako. Protini, mafuta na majivu hueleza mboga ni chakula cha namna gani, lakini hayaelezi kama ina sumu. Kila zao lina orodha yake ya vitu vya kuogopwa, na orodha hizo zimeandikwa zao kwa zao na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi wa nchi zilizoendelea, lile ambalo mwaka 1993 lilitoa kanuni ya kulinganisha chakula kipya na kile kilichozoeleka. Katika viazi hutafutwa glikoalkaloidi, yaani solanini na chakonini. Katika nyanya tomatini. Katika kabichi na sukuma wiki glukosinoleti, ambazo zikizidi huisumbua tezi ya shingo. Katika spinachi oksaleti na nitrati. Katika muhogo sianidi. Vitu hivi hutenganishwa kwa kromatografia na kutambuliwa kwa spektrometa, na kiasi chake hulinganishwa kwanza na cha mzazi, kisha na masafa ya kawaida ya zao lote.

Mwishowe huja takwimu, na wanafunzi wa kidato cha nne wanaweza kuifahamu kabisa. Ukipima vitu 60 na kukubali nafasi ya asilimia 5 ya kudanganyika katika kila kimoja, tarajia vitu kama 3 kuonekana tofauti kwa bahati tu. Mwanasayansi mwenye haraka atatangaza hatari, na muuza mbegu mwenye haraka atasema ni bahati tu akaendelea. Anayetenda haki hutazama kama tofauti ile ile imejirudia shamba baada ya shamba, kama imetoka nje ya masafa ya kawaida, na kama kitu chenyewe kina maana kwa afya ya mlaji.

Mbinu hii ina udhaifu ambao sitauficha: huona kile tu ilichotumwa kukitafuta. Siku hizi zipo mbinu zinazojaribu kutazama mamia ya kemikali kwa pamoja bila kuchagua, lakini huzaa nambari nyingi kuliko maelezo, na bado hazijachukua nafasi ya orodha. Tena yale “masafa ya kawaida”, yakikusanywa kutoka kila pembe ya dunia na kila msimu, hupanuka mno kiasi kwamba karibu kila tofauti huweza kutoshea ndani yake. Mimi huanza na mzazi aliyepandwa kando, na masafa huyaweka mwisho.

Mwanangu wa miaka 6 ana mzio wa njugu karanga. Nikisoma kwamba mboga ya GMO “imelingana kikemikali” na ya kawaida, je, hilo linanihakikishia kwamba haitamdhuru? (Mzazi, Kisumu)

Hapana, Mama, halikuhakikishii, na nafurahi umeuliza. Mzio husababishwa na protini mahususi, wakati mwingine kwa kiasi kidogo sana ambacho hakiwezi kuonekana katika jumla ya protini. Mboga mbili zinaweza kuwa na gramu 2 za protini kila moja, zikalingana kwa kila kipimo nilichomweleza Mwalimu, na bado moja ikawa na protini ngeni.

Kwa hiyo protini mpya huchunguzwa peke yake. Huulizwa kwanza jeni ilitoka wapi, na kama chanzo chake ni chakula kinachojulikana kuleta mzio. Mpangilio wa asidi amino zake, yaani vipande vidogo vinavyoijenga protini, hulinganishwa na wa protini zote za mzio zilizokwisha kuorodheshwa. Ukifanana kwa zaidi ya asilimia 35 katika kipande cha asidi amino 80, kengele hulia. Halafu protini hutiwa katika mchanganyiko wa asidi na pepsini unaoigiza tumbo la binadamu, ionekane inasagwa upesi au inadumu. Kudumu si ushahidi wa mzio, ila ni sababu ya kutoipokea haraka. Mwaka 2000 Marekani iliingia katika msukosuko mkubwa kwa sababu mahindi ya StarLink, yaliyoruhusiwa kulishwa mifugo tu kutokana na protini yake isiyosagika upesi, yalipatikana katika chakula cha watu.

Kisa kinachokuhusu zaidi ni cha soya. Kampuni ya Pioneer ilitaka kuongeza methionini, asidi amino mojawapo, katika soya ikatumia jeni ya njugu za Brazili. Damu ya watu wenye mzio wa njugu hizo ilipojaribiwa, iliitambua protini ile ndani ya soya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996, na soya hiyo haikuuzwa kamwe. Kisa cha pili ni kigumu zaidi. Watafiti wa CSIRO, shirika la taifa la utafiti wa sayansi nchini Australia, walihamisha protini ya maharagwe kwenda kwenye njegere ili kuwazuia wadudu, na mwaka 2005 wakaripoti kwamba panya waliolishwa njegere hizo walionyesha mwitikio wa kinga ambao maharagwe yenyewe hayakuuleta. Asidi amino zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni namna njegere ilivyoipamba protini hiyo kwa sukari. Mradi uliachwa. Wapinzani wa GMO hukitaja kisa hiki kama ushahidi wa hatari, watetezi hukitaja kama ushahidi kwamba uchunguzi hufanya kazi, na nadhani pande zote mbili ni za kweli.

Kwa sasa hatari ya mwanao iko karibu zaidi. Hapo Kisumu mboga za kienyeji mara nyingi huungwa kwa karanga zilizosagwa, na mpishi wa hotelini haoni haja ya kukuambia. Uliza kabla hajapakuliwa, na ushauri wa daktari wake uendelee kufuatwa.

Nimesikia muhogo wa kisasa usiougua utaletwa kwetu. Muhogo wa kawaida huweza kuua usipoandaliwa vizuri. Huu wa kubadilishwa jeni hautakuwa na sumu zaidi? Na majani yake je, yanaliwa? (Mkulima, Busia)

Mzee wangu, umeuliza kama mkemia. Muhogo unaousikia ulifanyiwa majaribio ya shambani katika vituo kadhaa vya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kikiwemo cha Alupe hapo kwenu, na Juni 2021 ukapata kibali cha kuendelea na majaribio ya kitaifa nje ya ua. Umekusudiwa kuhimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaokuachia shina na majani yenye kudanganya, ukichimba unakuta mizizi imeoza. Kilichoongezwa ni kipande kilichotokana na jeni za virusi vyenyewe, kinachouwezesha mmea kuvitambua na kukata ujumbe wao kabla havijaongezeka. Hakikukusudiwa kutengeneza protini mpya, kwa hiyo swali la mzio nililomjibu mzazi wa Kisumu linapungua uzito hapa, na swali lako la sumu linapanda juu.

Sumu ya muhogo hutokana na linamarini. Mzizi unapokatwa au kusagwa, kimeng’enya huivunja na sianidi hutoka. Kiwango kilichowekwa na Kodeksi, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo. Kupima hakuhitaji jumba la vioo: karatasi iliyotiwa pikrati, ikifungiwa chupani pamoja na muhogo uliosagwa, hugeuka kutoka manjano kuelekea kahawia kadiri sianidi inavyozidi, na rangi hiyo husomwa kwa chati au kwa kifaa. Jambo la kuangalia ni kwamba ukame hupandisha sianidi. Muhogo wa msimu mkavu ukilinganishwa na wa msimu wa mvua, wa kiangazi utaonekana muuaji hata kama ni ule ule uliorithi kwa baba yako. Waulize watakaokuletea vipando kama muhogo mpya na mzazi wake vilipimwa katika msimu mmoja na shamba moja.

Kuhusu majani, yanaliwa, na Pwani kisamvu ni mboga ya heshima. Lakini majani kwa kawaida huwa na linamarini nyingi kuliko mzizi, ndiyo maana hutwangwa kwanza na kuchemshwa muda mrefu. Jeni ya kuzuia virusi haiondoi kazi hiyo, wala haikukusudiwa kuiondoa. Kuloweka, kuanika na kuchachusha mizizi kutabaki vile vile.

Zile picha za panya wenye uvimbe mkubwa, si zilithibitisha kwamba GMO huleta saratani? (Msomaji, Naivasha)

Hazikuthibitisha. Utafiti huo wa mwanasayansi Mfaransa Séralini ulichapishwa mwaka 2012 na jarida lililouchapisha likauondoa Novemba 2013. Ulihusu panya waliolishwa mahindi ya GMO, kila kundi lilikuwa na panya 10 tu wa kila jinsia, na panya wa ukoo uliotumika huota uvimbe kwa wingi wakizeeka hata wakila chakula cha kawaida. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku vyakula vya GMO Novemba 2012, wakati mjadala huo ukiwa moto, na ikaondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, jambo ambalo baadaye lilifikishwa mahakamani. Ninaloongeza kama mkemia ni hili: kulisha panya chakula kizima huja baada ya uchanganuzi, si badala yake. Usipojua kilichomo katika chakula, na panya akaugua, hutajua kilichomuuguza.

Vipimo vyote hivi hulipiwa na kampuni inayotaka kuuza mbegu. Kwa nini tuamini mtahiniwa aliyejisahihishia karatasi? (Msomaji, Bungoma)

Mfano wako ni mkali na kwa sehemu kubwa ni wa haki. Ni kweli kwamba mwombaji ndiye anayeleta takwimu, kama ilivyo kwa dawa za hospitali na dawa za kunyunyizia mimea. Hapa Kenya, chini ya Sheria ya Usalama wa Viumbe ya mwaka 2009, mamlaka husika hulipitia faili, hulipeleka kwa wataalamu, na hualika wananchi watoe maoni kabla ya uamuzi. Msahihishaji basi si mtahiniwa, ila anasahihisha karatasi bila kuwepo chumbani mtihani ulipofanyika.

Mwaliko huo wa maoni wengi wetu huupita gazetini tukienda kwenye kurasa za michezo. Ukiuona, usiandike tu kwamba unaogopa, kwa kuwa woga hauna safu katika jedwali. Omba matokeo ya kila shamba peke yake na si wastani wa mashamba yote, kwani wastani huweza kuzika shamba moja lililoonyesha tofauti. Uliza mzazi aliyelinganishwa naye ni yupi na alipandwa wapi. Uliza maabara iliyopima ina ithibati, na kama sampuli zilipelekwa zikiwa na nambari tu, bila mpimaji kujua ipi ni ipi. Mimi mwenyewe ningependa sehemu ya sampuli hizo ipimwe upya na maabara ya umma, kwa gharama ya mwombaji lakini si kwa mkono wake, na sioni sababu ya kampuni yenye uhakika na mbegu zake kulikataa hilo. Zaidi ya hayo, kanuni za mwaka 2012 zinadai lebo pale sehemu iliyobadilishwa jeni inapozidi asilimia 1, ingawa sijui nani ataibandika juu ya fungu la mboga lililotandazwa kwenye gunia kando ya barabara.

Je, managu tunayokula tangu enzi za bibi zetu imewahi kupitia vipimo hivi vyote? (Msomaji, Njoro)

Imewahi kuchanganuliwa na watafiti wengi kwa sababu ya madini na vitamini zake, lakini kibali cha kuuzwa haijawahi kuombewa. Managu ni jamaa ya viazi na nyanya, na glikoalkaloidi zake ndizo chanzo kimojawapo cha uchungu wake, hasa katika matunda mabichi ya kijani. Wapishi walilijua hilo kwa ulimi: hawapiki matunda mabichi, na wengi humwaga maji ya kwanza, ingawa vitamini C nayo huondoka na maji hayo.

Kwa kuwa umegusa mazao ya kawaida, nikupe kisa cha kiazi cha Lenape. Kilizalishwa Marekani kwa uchavushaji wa kawaida kabisa, kikatolewa kwa wakulima mwaka 1967, na kilisifiwa kwa krispi zake nzuri. Baadaye kikagunduliwa kuwa na glikoalkaloidi nyingi mno, juu ya ile miligramu 200 kwa kilo inayochukuliwa kuwa ukomo wa viazi, kikaondolewa mwaka 1970. Hakuna jeni iliyokuwa imehamishwa maabara. Aliyekuwa akikizalisha hakuwa amelazimishwa na sheria yoyote kupima sumu hiyo kabla ya kukitoa, na kwa mbegu za viazi chotara zitakazokufikia Njoro msimu ujao, swali la kumuuliza muuzaji ni lile lile.